Mahindi Yamefika Kiunoni

Bakuli la plastiki lilianguka barazani, likabingirika hadi mlangoni, na punje za mahindi zikatawanyika kila upande.

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, na najua baadhi yenu mlinilaani. Sasa kaeni kitako.

Nakhungu ndiye aliyeleta balaa, naye masikini hakujua. Alikuwa amepita Kisian Jumapili mchana kumjulia hali mama yake Debra. Alikuja na mananasi mawili na mdomo usiochoka. Yeye na Debra walisoma pamoja, na walikuwa hawajaonana kitambo, kwa hiyo stori zilikuwa nyingi: nani ameolewa, nani ameachika, nani amenenepa, unga umepanda bei tena. Mama alikuwa ameketi kando yao akifanya mazoezi ya mkono, akitoa punje za mahindi kwenye bakuli moja na kuzitia katika jingine. Nakhungu akamgeukia akicheka.

"Na Mama, mvua imewapenda huko Sondu! Mahindi yenu imefika kiunoni!"

Mkono wa Mama ukaachia bakuli.

Kama umejiunga nasi leo, nikueleze haraka. Mama huyu watu humwita Nyar Seme, kwa sababu alizaliwa Seme na kuolewa Sondu, kwa Mzee Opiyo. Alimzaa Debra peke yake, hakupata mwingine. Baada ya Krismasi kiharusi kilimwangusha akiwa jikoni, upande wa kulia ukafa na ulimi ukagoma. Alipotoka hospitali hakuweza kwenda kuuguzwa kwa Debra mjini, maana mama wa Kijaluo halali chini ya paa la mkwe wake. Ndipo Perez, rafiki mkubwa wa Debra tangu shuleni, akafungua nyumba yake ya Kisian na kusema, "Mama yako ni mama yangu." Alimwosha, akamlisha, akamfundisha kushika kijiko, na Debra akawa anakuja jioni kutoka mjini kumsaidia. Mvua zilipoanza Perez akapata kazi Awasi, akaondoka. Debra akamwacha mumewe Griffins mjini, akahamia Kisian kulala na mama yake.

Na jambo la mwisho, ambalo Nakhungu hakulijua kwa kuwa yeye si Mjaluo. Katika boma la Kijaluo, mbegu ya kwanza ya msimu hutoka mkononi mwa mikayi, yaani mke wa kwanza, mwenye nyumba kubwa. Kabla hajaanza yeye, hakuna anayeinua jembe. Akitanguliwa, ni kama boma zima limetangaziwa kwamba mwenye nyumba hayupo tena duniani.

Nyar Seme alikuwa Kisian tangu Januari. Basi nani alipanda?

"Kwani nimesema nini?" Nakhungu aliruka kutoka kitini. "Mama, pole! Nimesema tu mahindi."

"Mahindi gani, Nakhungu?" Debra aliuliza.

"Si ile ya kwenu, pale chini ya lami. Imekubali kweli kweli!"

"Umekosea shamba. Sisi hatujapanda. Baba alisema anangoja Mama apone."

"Debra, mimi hupita hapo kila wiki nikienda kuchukua mananasi. Nitakosea aje? Na wewe usinizungushe, maana hata wewe mwenyewe nilikuona hapo ukipalilia."

"Mimi?"

"Wewe! Na hiyo ndio kitu imenileta leo, nilikuwa nangoja tu tumalize chai. Nilipiga honi mpaka watu wakageuka. Wewe ukainamisha kichwa. Nikasema haya, Debra ameanza madharau."

"Nakhungu, sijakanyaga Sondu tangu Mama augue."

"Na ulikuwa umevaa fulana yetu! Ile ya nanasi!"

Wasomaji wa siku nyingi mnaikumbuka fulana hiyo. Marafiki hawa watatu walipoanzisha biashara ya juisi, iliyokufa kabla haijatambaa, Nakhungu alichapisha fulana za kijani zenye picha ya nanasi kifuani. Zilikuwa tatu tu. Yake aliigeuza tambara la kufutia gari. Ya Debra ilikuwa hapo hapo uani, imeanikwa kwenye kamba, inadondosha maji.

Nakhungu aliitazama ile kamba. Akaketi polepole.

"Yawa, jamani," alisema Debra.

"Labda Perez alimpea mtu yake," Nakhungu alijaribu.

"Perez yuko Awasi. Anafanya kazi kwa hoteli. Tunaongea kila siku, Nakhungu. Kila siku ananiuliza Mama amekula nini."

Mama alikuwa akijitahidi kusema. Daktari alikuwa amewaambia kwamba maneno yatarudi taratibu, na kweli yalikuwa yamerudi machache: chai, ndiyo, toka, na jina la bintiye. Sasa midomo ilitetemeka. Aliinua mkono wake wa kulia, ule uliokuwa umekufa, akabana kidole gumba na cha shahada pamoja. Akaachia. Akabana tena.

"Unataka kuendelea na mazoezi, Mama?" Debra aliokota punje kadhaa akazitia kiganjani mwake.

Mama akazitupa chini kwa hasira.

"Toka!"

Debra hakuelewa. Msimlaumu, hata mimi nisingeelewa. Alichukua simu, akampigia Perez, na akafungua spika ili Mama asikie na moyo wake utulie. Ndiyo, alifungua spika. Matokeo ya hilo tutayaona.

"Haloo, my dear!" Perez alipokea upesi. "Mama anaendeleaje? Amekula?"

"Amekula. Uko wapi?"

"Si Awasi. Niko kazi, nimebanwa kweli kweli. Wateja ni wengi."

"Jumapili?"

"Jumapili ndio huwa mbaya zaidi."

Jogoo akawika kwenye simu. Nakhungu akafungua mdomo kuuliza hoteli gani hiyo, Debra akamnyamazisha kwa mkono. Na hapo, nyuma ya jogoo, sauti ya mwanamume ikaita kwa uchovu wa mtu aliyezoea kuhudumiwa:

"Perez! Hiyo chai inatoka leo kweli?"

Debra aliijua sauti hiyo. Mama aliijua zaidi.

Debra aliisogeza simu mdomoni.

"Hiyo ni sauti ya Baba," alisema Debra.

"Debra, ngoja nikuelezee."

"Uko kwa jikoni ya mama yangu, Perez?"

Mngetarajia alie. Mngetarajia akate simu. Mlionitumia ujumbe mkisema Perez ni malaika, na laiti kila mgonjwa angepata rafiki kama huyo, someni hii mara mbili. Perez alishusha pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Sawa. Kwa vile umesikia, tuongee kama watu wazima. Baba yako alikuwa anakaa peke yake. Anakula ugali baridi. Hana kijana wa kumrithi hiyo boma. Mimi niko na miaka ya kuzaa. Kuna makosa gani hapo?"

"Ukapanda? Ukapanda kabla ya mama yangu, kwa shamba lake?"

"Usinitusi!" Sasa sauti ya Perez ilipanda. "Mimi ni Mjaluo kama wewe. Mimi siwezi kutangulia mikayi, naogopa chira, hiyo laana ya kuvunja mila, kama mtu yeyote. Aliyepanda ni mama yako."

"Mama yuko hapa!"

"Mkono wake ndio ulipanda. Mbegu zote za hiyo shamba zilipita kwa vidole vyake. Muulize mwenyewe. Asubuhi anatoa kwa bakuli, anatia kwa mkebe. Jioni hivyo hivyo. Mimi nilibeba mkebe tu. Hakuna mila imevunjwa."

Debra alishika nguzo ya baraza.

Mazoezi! Hospitalini waliambiwa mgonjwa apewe kitu kidogo cha kuokota ili vidole vikumbuke kazi yao. Maharagwe, walisema. Perez akasema maharagwe yanateleza, afadhali mahindi. Kisha, majuma machache kabla ya mvua, mahindi yale yakabadilika rangi. Yakawa ya waridi, ya waridi kabisa, na vidole vya Mama vikawa vya waridi. Debra aliuliza. Perez akamwambia ni dawa ya kuzuia dumuzi, wale wadudu wa mahindi, wasiingie ndani ya nyumba, na Debra akaridhika.

Mtoto wa mkulima! Aliyezaliwa Sondu, aliyetumwa dukani kununua mbegu tangu akiwa na meno ya utoto! Hakuna mahindi ya waridi ulimwenguni isipokuwa mbegu ya dukani iliyotiwa dawa tayari kwa kufukiwa. Lakini mtu akimwamini mtu, macho yake huwa yanaangalia mgonjwa, hayaangalii bakuli. Jioni nyingi Debra aliviosha vidole vile kwa sabuni kabla ya chakula. Na jioni moja alimkumbatia Perez akalia, akamwambia, Mungu akulipe kwa unavyomhangaikia mama yangu.

Nina hasira ninapoandika haya. Kuiba ng'ombe nafahamu. Kuiba mume pia nafahamu, wapo wengi. Lakini kukaa na mgonjwa, kumpigia makofi kila anapookota punje, naye akitabasamu kwa upande mmoja wa uso kwa sababu anadhani anapona, kumbe unamfanyisha kazi ya kujitoa mwenyewe nyumbani kwake!

"Ni nani huyo kwa simu?" Sauti ya mzee ilikaribia. "Ni Debra? Lete."

"Mzee, acha tu, nita—"

"Lete simu, nimesema."

Debra alitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ndogo. "Baba."

"Nyara, binti yangu," alisema Mzee Opiyo, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Wewe sikukupigia. Nilikuwa naona haya. Lakini ero kamano. Asante kwa kututumia huyu msichana."

"Kutuma? Mimi nilituma?"

"Si wewe ndiye ulimchagua? Alikuja hapa akasema mama yako hajui mtu tena. Ati hata jina lake hajui, ati daktari amesema atakaa hivyo mpaka Mungu amchukue. Akasema wewe mwenyewe umeamua boma isikae bila mama. Mimi nilikataa. Nilikataa, nyara, watu ni mashahidi. Ndio akanionyesha mbegu. Akasema Debra amemshikisha mama yake hii mbegu kwa mkono wake, ndio upande kwa amani. Nikasema kama mtoto wake wa pekee amekubali, mimi ni nani?"

"Baba, ni uongo! Mama anakujua! Mama anatembea na fimbo, Mama yuko hapa anasi—"

Simu ikakatika.

Debra akapiga tena. Mteja hapatikani. Akapiga ya baba yake. Haipatikani. Nakhungu naye akajaribu kwa yake, akaambiwa vivyo hivyo na yule mwanamke wa mtandao asiyejua matatizo ya watu.

Debra aligeuka kumshika mama yake mkono.

Mama akauondoa.

Hakuuvuta kwa nguvu. Aliurudisha tu pajani, akaufunika kwa mkono wa kushoto, akamtazama bintiye kwa macho yaliyojaa machozi yasiyoanguka. Alikuwa amesikia yote. Spika haikumficha neno.

"Mama, hapana," Debra alipiga magoti kwenye punje zilizotapakaa. "Mama, usiamini. Mimi sikumtuma Perez. Mimi sikujua!"

Mama alimtazama tu. Na Debra alijua anachokumbuka. Siku ambazo Perez alichelewa kutoka sokoni, nani alishika mkebe? Nani alikuwa akisema, "Moja tena, Mama, jikaze, moja tena"? Ni yeye Debra. Mama hakuwa amemwona Perez peke yake akikusanya zile punje za waridi. Alikuwa amemwona mtoto wake akishangilia.

"Nakhungu, mwambie!" Debra alilia. "Mwambie wewe unanijua!"

Nakhungu alikuwa amesimama akiwa ameshika funguo za gari. Naye alikuwa akiwaza. Kama Perez aliweza kudanganya hivyo kila siku kwa simu, huyu mwingine je? Rafiki ni rafiki, lakini siku kama hiyo unamtilia shaka hata aliyekusimamia harusini.

"Mimi sina maneno," alisema mwishowe. "Mama, mimi niko na gari tu."

Mama akaitafuta fimbo yake. Debra akainuka kumsaidia, Mama akatikisa kichwa. Aliegemea fimbo, akasukuma mwili, akarudi kitini. Akajaribu tena. Safari hii magoti yalikubali, akasimama wima bila kushikwa na mtu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Krismasi. Midomo yake ilipinda, ikanyooka.

"Mimi," alisema.

Wote wawili wakashtuka. Neno hilo hawakuwa wamelisikia.

"Mimi... nilipanda." Akavuta pumzi. Jasho lilimtoka puani. "Nitavuna."

Debra alisahau kila kitu kwa dakika hiyo. Alicheka na kulia kwa pamoja. Mama yake alikuwa ameongea! Sentensi mbili kamili! Na alikuwa na haki yote, maana kama mbegu ilitoka mkononi mwake, basi mahindi yale ni yake, na Perez mwenyewe ametamka hivyo mbele ya mashahidi. Alikimbia ndani kutafuta viatu, dawa za presha, shuka na sweta. Alitia kila kitu katika mfuko bila mpango. Alitaka wafike Sondu kabla jua halijatua, amwone Perez uso kwa uso, amsikie akirudia yale maneno mbele ya baba yake.

Alipotoka, Mama alikuwa ameshaketi kiti cha mbele cha Probox ya Nakhungu, mkanda umefungwa, macho yametazama barabarani. Injini ilikuwa inanguruma. Debra aliweka mfuko miguuni pa mama yake, akafungua mlango wa nyuma.

"Wewe," alisema Mama bila kugeuka. "Baki."

"Mama?"

"Baki."

Debra aliufunga ule mlango. Mikono yake haikujua iende wapi. Nakhungu alimtazama kupitia kioo, akaondoa breki.

Gari lilikuwa halijafika langoni pikapu ilipoingia kutoka barabara ya Busia na kuziba njia. Ilikuwa pikapu nyeupe. Debra aliijua kwa mlio wake kabla hajaiona, kwa sababu ilikuwa ya mume wake.

Alishukuru Mungu. Griffins amekuja! Griffins atamwambia Mama ukweli, Griffins anajua kwamba mkewe ameacha nyumba yake na kitanda chake ili alale Kisian chini kwenye mkeka. Alianza kukimbia kuelekea langoni akiita jina lake.

Kisha akaona kilichobebwa nyuma.

Kilikuwa kitanda cha mvule chenye nakshi za maua kichwani. Juu yake palikuwa na godoro lililokunjwa, sanduku la bati la kijani, na chungu cha maji kilichofungwa kwa kamba kisigonge. Debra alizaliwa katika nyumba yenye kitanda hicho. Vyombo vyote vilikuwa vya Mama. Nyumba kubwa ya Sondu ilikuwa imekombwa, na aliyeikomba alikuwa ameketi usukani.

Griffins alimwona mama mkwe wake ndani ya Probox. Mara moja akainamisha macho, kwa adabu, kama mkwe mwema anavyofundishwa. Macho aliyainamisha! Mtu ambaye hapaswi hata kuvuka kizingiti cha chumba cha mama mkwe, na sasa kitanda chake amekibeba mchana kweupe kutoka Sondu hadi Kisian, kila mwenye macho akiona.

Mama alikitazama kitanda. Akamtazama Griffins. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie garini, akageuka akamtazama Debra, aliyekuwa amesimama katikati ya njia na punje za mahindi zimemganda magotini.

Alinyoosha mkono wake wa kulia, ule uliopona, akashika mpini wa dirisha na kuuzungusha mpaka kioo cha gari kikafika juu.

Nakhungu alipenya kando ya pikapu, akashika lami. Probox ikaelekea mjini, kisha Sondu, na Debra akabaki akiisikiliza mpaka isisikike tena.

Mlango wa pikapu ukafunguka nyuma yake. Griffins alishuka, akatazama barabarani, akatazama uso wa mkewe, na jasho lilikuwa limemlowesha shati.

"Debra," aliuliza kwa sauti ya chini, "nani amewaambia?"